Chumvi ya Machozi

Mwanangu, kabla hujafunga mfuko wako wa safari ya Kamango, acha nikueleze siku moja ya ujana wangu, siku ambayo usafi wangu ulikaribia kuua mtu. Mwanzo huu nimeuandika mara nne. Kuandika nilijifundisha peke yangu, na bado naogopa kukosea. Woga huohuo ndio ninaotaka kukusimulia.

Ilikuwa miaka ya vita. Mimi na Kambale, jirani yetu wa Vuhovi, tulikuwa tumekwenda Kamango kuchuma kahawa. Vibarua wote tulilala kwenye hangari moja, banda la magunia ya kahawa, na kunywa maji ya mto mmoja na wakimbizi. Kipindupindu, kilichokuwa kimetembea nchi baada ya nchi, kikatufikia. Asubuhi hiyo Kambale alianza kuharisha maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele.

Nilipaswa kumwambia kapita, msimamizi wetu. Sikumwambia. Niliogopa atatufukuza sisi wote wa Vuhovi, na barabara ya kurudi ilijaa askari. Wenzetu walipokwenda shambani, nikamficha Kambale nyuma ya magunia. Nikaosha mkeka, nikamwaga majivu, nikafagia. Kisha, ili mkeka usichafuke tena, nikamnyima maji. Nilijiambia kwamba maji ndiyo yanayomharisha. Nakiri kwako leo: nilikuwa nautetea ufagio wangu pia.

"Paluku," alininong'oneza, midomo imepasuka, "weye hata mbinguni utafika na kufagia. Nipe maji."

"Ngoja mukeka ikauke kwanza."

Aliyekauka ni yeye. Kufikia mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono wake, nikiifinya, ilibaki imesimama.

Akaingia Mama Hadija, mke wa msafirishaji mmoja wa Beni, aliyezoea kutuuzia chumvi na sukari. Alikuwa amesikia mtu akiugulia.

"Weye kijana! Unapanguza chini na mutu anakufa kiu?"

"Lakini mama, maji itamuzidisha."

"Hapana! Kama inatoka huku, weye ingiza huku. Washa moto!"

Maji yalipochemka na kupoa, akajaza chupa ya lita moja. "Sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko." Sisi tulikuwa na upawa tu. Nikatia chumvi, nikamwaga yote, nikaanza upya. Nusu ya kijiko inaishia wapi ndani ya upawa? Na nikikosea? Kambale alikuwa amefumba macho.

"Onja," akasema Mama Hadija. "Isipite chumvi ya machozi."

"Machozi ya nani, mama?"

"Ya kwako. Si unalia tangu niingie?"

Sikuwa najua kama nalia. Nikaramba mdomo wangu, nikaonja maji ya chupa. Hayakuyapita machozi kwa chumvi.

Tukamnywesha kidogo kidogo, na akitapika tunangoja, tunaanza tena. Mama Hadija akaenda mwenyewe kumwita kapita. Kapita akatukana sana, kisha akatoa wanaume wanne wambebe Kambale kwa tipoyi, machela yetu ya miti, hadi kituo cha afya. Hakumfukuza mtu. Nilikuwa nimemwogopa mtu ambaye sikuwahi hata kumuuliza.

Nilitembea kando ya tipoyi na chupa mkononi. Njiani Kambale akafungua jicho moja.

"Paluku, machozi yako iko na sukari mingi."

Sijawahi kusikia neno tamu kuliko hilo. Mama Hadija ametangulia, lakini kila ninapoonja mchuzi namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukiwa kibarua kwa watu, chemsha maji yako na unawe mikono kwa sabuni. Mwenzako akiugua, usimfiche, hata ukiogopa kupoteza kazi: sema mapema, mnyweshe, mpelekeni kituoni. Na usingoje mpaka ujue kila kitu ndipo umsaidie mtu. Mimi nilingoja hivyo, na rafiki yangu alikuwa anakauka mbele yangu.

Nenda kwa amani. Mungu aliyemleta Mama Hadija kwenye hangari yetu akutangulie barabarani, na siku utakayougua akupatie mtu wa kukuonjea maji. Kesho jioni atakayekupokea Kamango ni Kambale yuleyule, unayemwita baba mdogo. Akikupa maji, kunywa.