Kosa la Turubai

Anatoli wa Laurel, Marekani, mtu ambaye hajawahi hata kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, alikuwa na kosa la jinai. Mwaka 2001 alisimamisha turubai kwenye njia ya kupita watu mbele ya apatimenti zao, akapanga viti hamsini, akakaa siku tatu. Gari la taka likashindwa kupita. Hakimu akamtia hatiani kwa kuzuia njia ya umma.

Kosa hilo lilimnyima raha miaka minane. Sasa binti yake Edna anaposwa na kijana wa Kikongo, Hardy, na wakwe wanajulikana kwa kuchunguza: ukoo huu una wazimu? Una wezi? Kuna aliyefungwa? Bahati nzuri sheria ya jimbo lao la Maryland ilikuwa imelegezwa kwa makosa madogo kama lake, naye akapeleka maombi mahakamani. Wiki moja kabla ya wageni wa posa kufika ikaja amri: kosa na kumbukumbu zake zote zifutwe.

Tatizo lilikuwa Leokadia, mkewe. Kwa mama huyu, karatasi yenye mhuri hailali kabatini. Cheti cha ubatizo, cha kozi ya kutunza wazee, hata cha chanjo, vyote viko ukutani. Amri ya hakimu nayo ikapata fremu ya dhahabu, juu ya televisheni.

"Dad, seriously?" Edna akasema. "It literally says what you did."

"Inasema limefutwa," Leokadia akamjibu. "Mwache baba yako ajidai kidogo."

Siku ya posa, mshenga wa kina Hardy, mzee Onesphore, alikula ndizi zake, akajifuta mdomo, akainuka kusoma ukuta. Anatoli alitamani ardhi ipasuke.

"Bon, papa Anatoli. Ile papier inasema ulikuwaka na kesi?"

Pa kujificha hapakuwapo. Akaeleza yote: turubai, viti, gari la taka, polisi aliyeuliza ni nani amefariki na kuliandika jina kwenye ripoti.

"Na alikufaka nani?"

"Mama yangu mzazi, Bukoba. Sikuwa na makaratasi. Ningekwenda kumzika, nisingerudi kwa wanangu. Nikakaa matanga hapa hapa."

Onesphore akavua kofia. "Pole sana, papa." Wageni wote wakainuka, mmoja mmoja wakampa mkono na pole zao, miaka minane baadaye. Posa ikapita bila swali jingine.

Jumatatu asubuhi Anatoli alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la mahakama. Jana yake kanisani wazo lilikuwa limemjia: Marekani nzima, ripoti ile ndiyo karatasi pekee iliyosema kwamba mama yake amekufa na yeye akamlilia.

"Naomba mnirudishie kosa langu," alimwambia karani.

Karani akaliandika jina lake kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akatabasamu kwa moyo mweupe kabisa.

"Hongera, bwana. Hakuna kitu. Ni kama halikuwahi kutokea."