Sakafu ya Gereji ya Odoi

Binti yangu Babra hurekebisha macho ya magari. Ndivyo ninavyowaeleza ndugu zangu wa Lunyo, maana nikisema kamera wanadhani anapiga picha za harusi. Magari ya siku hizi yana kamera ndogo kwa ndani, juu ya kioo cha mbele. Ikiona kitu njiani, gari hujishikia breki. Kioo kikibadilishwa, lazima kamera ifundishwe upya kutazama. Kazi hiyo Babra alijifunza Kisumu miaka miwili, na miaka hiyo yote nilikuwa naruka kwa hofu kila simu ikilia. Sasa yuko Tororo, gereji ya Odoi. Mimi huwapikia chai hapo na kupiga deki.

Mwezi wa tatu alikuja Okurut, dereva wa zahanati moja upande wa Mella. Jiwe lilimpasulia kioo, akawekewa kipya. Babra akasimamisha ubao wake wenye michoro ya kufundishia kamera mbele ya gari, akapima urefu wake kutoka sakafuni, akaunganisha kompyuta. Ikaonyesha kijani, yaani kazi imekwisha. Kesho yake Okurut akarudi amenuna.

"Fundi, umeniwekea pepo? Barabara tupu, gari inakamata breki! Nimebeba mama mjamzito, karibu azalie kwenye kiti."

Babra akarudia. Kijani. Okurut akazunguka kidogo barabarani, akarudi na malalamiko yale yale. Odoi akamvuta Babra kando, lakini nilisikia.

"Ikishindikana tena, gari za kamera nitazipeleka Kampala. Wewe utafute kwingine."

Mwanangu akarudi kwenye kompyuta yake. Nilikuwa na neno, ila niliishia darasa la nne. Nimwambie nini mtu wa kompyuta? Halafu nikamkumbuka yule mjamzito.

"Babra, hapa gari liliposimama ni tambarare. Lakini kuanzia nguzo hii, pale ulipoweka ubao, sakafu inateremka. Maji ya deki yote hukimbilia mlangoni."

Okurut akaangua kicheko. "Mama Babra naye injinia!"

"Cheka tu. Nani huku anajenga sakafu bila kuiteremsha ili maji yatoke?"

Babra hakucheka. "Mama, mbona hukusema?"

"Nilidhani mnajua."

Jirani palikuwa na waashi. Babra akaazima ule mpira wao mwembamba wa maji wanaopimia usawa wa kuta, akaulaza kutoka kwenye gari hadi kwenye ubao. Maji yakaonyesha ubao uko chini kwa upana wa vidole vitatu. Kwa kuwa aliupima kutoka sakafuni, kamera ilikuwa imefundishwa vibaya, ikawa inadhani barabara tupu ina kizuizi. Akauinua kwa vipande vya mbao, akaanza upya. Kijani.

"Hiyo kijani yako naijua," Okurut akasema.

"Basi twende wote," Babra akajibu, akapanda mbele.

Nilisimama barabarani. Chai iliungua jikoni, sikuenda. Waliporudi Okurut alikuwa anapiga honi kama wa harusini, na Babra anamwambia aache kelele.

Wiki iliyofuata Okurut akanipigia simu. "Mama Babra, pale Paya ndama amekatiza ghafla. Gari imesimama yenyewe, mgonjwa hata hakuamka. Mwambie fundi."

Nikampelekea Babra simu asikie mwenyewe. Alisikiliza, akasema asante, akarudi kwenye gari lililokuwa likimngoja. Mimi nikaketi juu ya ndoo, nikamshukuru Mungu kwa sauti.