Nilivyosugua ndege kwa pamba yangu mwenyewe, Bariadi

Wakuu, salaam kwenu.

Nianze na gharama, maana humu kuna watu husoma bei kwanza: makopo mawili ya polishi, kopo moja la nta, gunia la pamba, na kilo nane za mwili wangu. Nimehesabu mara mbili. Kama naongopa, mods wafute uzi.

Ni miaka ile soko la pamba limefunguliwa, kampuni binafsi zinamiminika Bariadi kununua. Moja ikaja na kindege cha viti vinne, rangi imepauka kama shati la shule muhula wa mwisho. Meneja anatarajia wageni wa kumpa mkopo, hataki ndege yenye sura ya mkokoteni.

Mimi nililima pamba kidogo, pia nilikuwa na kibanda cha spea na polishi za magari. Akaniita niing'arishe. Tukavutana bei hadi nikaacha nusu ya hela, badala yake nikaomba kiti cha kwenda Mwanza. Akakubali.

Kufika mchana soko zima linajua mimi Maduhu napanda ndege. Hadi mama mkwe kule Maswa alishaambiwa. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Rubani, tulimwita Kapteni, akakagua makopo yangu. Ile compound ya magari, polishi kali ya kukwangua, akaisukuma pembeni: "Hiyo kapakie lori."

Akanielewesha. Polishi inakula rangi iliyokufa, nta inalinda iliyobaki. Ukichagua polishi kali, unakula na rangi nzima. Tukachukua iliyo laini kuliko zote, tukaijaribu chini ya mkia, eneo la kiganja tu. Ikang'aa.

Akaagiza matambara kumi na mawili. Nikanunua sita.

(Najua. Msinitukane bado.)

Bawa la kwanza safi kabisa. La pili, matambara yote meusi. Nikatazama ghala, pamba imejaa hadi darini. Nikachomoa ya gunia la mlangoni, nikaendelea kusugua.

Muda si mrefu bawa limejaa michirizi, utadhani kuku wamepekua. Kapteni akaiminya ile pamba vidoleni. "Mchanga huu."

Meneja akaja mbio. "Gunia la nani?"

Wakuu, lile fundo la kamba nililijua. Lilikuwa langu. Bakuli mbili za mchanga za kuongeza uzito nilizipima mwenyewe. Kila mkulima alijua mzani wa kampuni unaiba, ila ushahidi hakuna, basi kila mtu alijirudishia kimyakimya.

"Maduhu, kiti umekosa," meneja akasema.

Kapteni akanitetea: michirizi ni ya juujuu. Nikasugua siku nzima kwa polishi ileile na matambara mapya sita, nikapaka nta. Bawa likarudi. Meneja bado kanuna.

"Akapimwe kwanza," Kapteni akasema. "Ndege ndogo, lazima nijue uzito."

Nikaning'inia kwenye ndoano ya mzani wa pamba. Kilo hamsini na sita.

Nikatoa kadi ya zahanati, ya wiki ileile: sitini na nne.

Kapteni akaning'inia yeye. Anajijua ana themanini. Mzani ukasema sabini!

Nikapiga hesabu papo hapo: kila kilo nane, moja inaliwa. Nikarudia, jibu lilelile.

Mzee mmoja kwenye foleni ya kupima pamba akapiga kelele: "Nkoi, rafiki yangu, kumbe tumekonda wote!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Kapteni akafuta mikono. "Bosi, kwa mzani huu mimi sirushi."

Meneja akatazama mchanga, akatazama mzani. "Panda ndege. Ya mchanga yaishe."

"Na mzani?"

"Unabadilishwa leo."

Nilisimama pale hadi ukabadilishwa, ndipo nikapanda. Na mchanga nikaacha.

Somo langu: polishi chagua laini kuliko unavyodhani, jaribu pasipoonekana, na usibane matambara.

Sasa naomba ushauri. Jamaa yangu Mwanza ana kindege, rangi mpya, haijamaliza hata miezi mitatu. Nipake nta ya asili, hizi sealant za kisasa za kufunika rangi, au nisubiri kwanza? Wazoefu shukeni hapa.

Taulo nimeshanunua kumi na mbili. Nimezikung'uta mara mbili.