Penseli Juu ya Kioo cha Kompyuta

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika mojawapo ya yale majengo ya zamani yaliyojengwa na Wahindi katikati ya Jinja. Sakafu yake ya mbao ilikuwa ikilia kila mtu alipopita, na harufu ya amonia ya mashine ya kunakilia ramani ilikuwa imeingia hadi kwenye mapazia. Mgeni akiingia, machozi yalimtoka. Sisi tulikuwa hatuisikii tena. Nikikutana na harufu hiyo leo, hata kama ni hospitalini, narudi pale pale: dirisha liko wazi, makondakta chini barabarani wanaita abiria wa Iganga, na mimi nimeinamia meza yenye mteremko, nakwangua kosa la wino kwa wembe.

Kazi yangu ilikuwa kuchora picha za majengo ambayo bado hayajajengwa. Mzee, ndivyo tulivyomwita msanifu mwenye ofisi ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi, alichora ramani. Nami nilizigeuza kuwa picha kwa rangi za maji, ili mteja asiyejua kusoma ramani aione nyumba yake imesimama. Niliweka anga, mti mmoja, labda mwanamke aliyebeba kikapu. Nilichopenda zaidi ni kuchora kivuli cha baraza, kwa sababu hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwa nyumba.

Katikati ya miaka ya tisini Mzee akanunua kompyuta. Ilitoka Nairobi pamoja na programu ya kuchorea, na pamoja na Mkenya aliyeiuza, mwanamume wa rika langu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, ambaye alikaa Jinja wiki kadhaa kutufundisha. Kiswahili chake kilitutia aibu. Sisi tulikuwa tumekipata kwa askari, na kilibaki mdomoni mwetu kama amri: simama, toa, ngoja. Yeye alikitumia kwa utani na kubembeleza. Mzee aliwahi kukimbilia Kenya wakati wa vita, basi walielewana upesi.

Siku moja yule Mkenya alitukalisha akatuuliza, "Kampuni inataka kujua. Nyinyi wasanifu mnataka nini hasa kwenye programu kama hii?"

Mzee hakuhitaji kufikiri. "Nikisogeza dirisha kwenye ramani, lisogee kwenye michoro mingine yote. Nimechoka kulifukuza dirisha moja karatasi kwa karatasi."

"Hilo linakuja."

"Nione jua linaingia wapi asubuhi na linaingia wapi jioni."

"Hilo lipo tayari."

"Na umeme ukikatika, kazi yangu isipotee."

Tulicheka sote. Kisha yule Mkenya akanigeukia mimi. "Na wewe, dada?"

Sikutaka kujibu. Nilikuwa nimeshaiona mashine inavyochora, na nilijua picha zangu zinaelekea wapi. Lakini alikuwa anangoja kweli, si kwa adabu tu.

"Nataka mstari ambao haujaamua," nikasema.

"Ambao nini?"

"Kwa penseli, nisipokuwa na hakika, sibonyezi sana. Mstari unakuwa hafifu, unapita hapa, unarudia pale. Mtu akiuona anajua bado nafikiri. Huu wenu umenyooka tangu mwanzo, hata kama mwenyewe sijui ninachofanya."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Dada, watu wamehangaika miaka mingi ili mstari unyooke. Sasa niende niwaambie upinde tena?"

Mteja wa kwanza wa kompyuta alikuwa afande mmoja wa magereza, mtu wa kaskazini aliyekuwa amekaribia kustaafu huko Mbale. Mkewe alikuwa Mmasaba, mzaliwa wa chini ya mlima Wanale, na walikuwa wamenunua kiwanja Malukhu, hapo hapo Mbale, ili wazeekee hapo. Afande alikuja Jinja peke yake. Alitaka sebule kubwa yenye madirisha mapana, aketi auone mlima. Mzee aliichora nyumba nzima ndani ya mashine, akaipenda mno kiasi kwamba akakataa kuichapa kwenye karatasi. "Tutawapelekea kompyuta yenyewe," akasema. "Waione humo humo."

Tukaondoka asubuhi na pikapu ya Mzee, sisi watatu tumebanana mbele. Kioo cha kompyuta kilikuwa mapajani mwangu, kimefungwa blanketi, kikubwa na kizito kama televisheni ya baa. Kila tulipofika penye mashimo yule Mkenya alipaza sauti, "Polepole, Mzee, polepole!" kana kwamba tumempakia mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Tulipofika Mbale miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Afande alitupokea katika nyumba ya serikali, kwenye makazi ya wafanyakazi wa jela. Alikuwa amepanga viti kama watu wanaosubiri mpira uanze. Mkewe akaleta chai na karanga. Mashine zetu za siku zile hazikuwa na haraka: picha ilijichora kutoka juu, ufito mmoja baada ya mwingine, kwanza anga, kisha paa, kisha vichwa vya madirisha. Tulimaliza birika zima kabla hatujafika mlangoni. Kizingiti kilipotokea, afande alipiga makofi.

"Bwana, hii ni nyumba kabisa!"

Mzee alimgeukia mke wa afande. "Mama, na wewe unaonaje?"

"Ni nzuri."

"Hakuna kitu cha kubadilisha?"

"Hii si imeshakwisha," akasema. "Mimi naongea nini tena?" Akakusanya vikombe akaenda navyo.

Nilichukua birika nikamfuata. Jiko lake lilikuwa dogo na safi, na dirisha lake lilikuwa moja tu. Nje ya dirisha, hatua chache tu, kulikuwa na ukuta wa jela. Hapakuonekana mti wala mtu, na anga ilikuwa utepe mwembamba juu. Nilirudi sebuleni nikatoa mkobani karatasi yangu nyembamba, ile inayopitisha mwanga tuliyokuwa tukinakilia ramani, nikaibandika juu ya kioo cha kompyuta.

"Dada, kioo hicho!" Mkenya akaruka.

Mzee alinikunjia uso. Niliendelea. Nilimwomba Mkenya alete ramani kwenye kioo, nikapita juu ya kuta kwa penseli laini, mkono mwepesi, mistari inayumba na kurudiana. Jiko sikulichora. Kisha nikaita, "Mama, njoo kidogo. Hii bado. Sijui jiko niliweke wapi."

Alikuja akijifuta mikono. Aliinamia karatasi.

"Barabara iko wapi?"

Niliichora. Akaweka kidole pembeni yake. "Hapa."

"Hapo ni mbele, mama," Mzee akasema kwa upole. "Kwa kawaida jiko hukaa nyuma."

"Mimi nimekaa nyuma miaka yote."

Afande aliacha karanga. "Unasema nini?"

Alimjibu bila kumtazama, macho yakiwa kwenye karatasi. "Kila kituo walichokuhamishia, jiko langu linatazama ukuta wa jela. Wafungwa wanamaliza, wanarudi kwao. Mimi bado niko pale. Nataka watu wakipita niwaone. Wanisalimie."

Yule Mkenya mcheshi aliinamia nyaya zake.

"Hukuniambia," afande akasema.

"Ile ilikuwa nyumba ya serikali. Hii ni yetu."

Afande alisogeza kiti chake hadi karibu na kioo, akavaa miwani. "Binti," akaniambia, "na jiko likija mbele, Wanale mimi nitaiona?"

Nilimchorea sebule upande wa mlima. Mkewe akaniomba penseli. Alichora mwenyewe kibanda cha kuni karibu na jiko, cha kukaushia malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo kwao hukaushwa kwa moshi kabla ya kupikwa na karanga. Afande alisema moshi utamfuata sebuleni. Mkewe akamwambia ahame yeye. Afande akamnyang'anya penseli, mkewe akaichukua tena, karatasi ikachanika, nikabandika nyingine. Katikati ya hayo umeme ukakatika na kioo kikawa cheusi. Waliibandua karatasi, wakaiweka kwenye meza karibu na dirisha, wakaendelea kubishana.

Njiani kurudi tulisimama Bugiri kununua mahindi ya kuchoma. Hapo Mzee akasema, "Kuanzia leo, mteja haoni kioo kabla hajaona penseli." Yule Mkenya alitafuna mahindi yake taratibu. "Nitawaambia Nairobi," akasema. "Watanicheka, lakini nitawaambia."

Nisiionee mashine. Tulipoingiza jiko jipya ndani yake na kulizungusha jua, tuliona kwamba jioni, wakati hasa wa kupika, jua la magharibi lingempiga mama huyo usoni. Mimi kwa penseli nisingeligundua. Tuliongeza baraza mbele ya jiko, nikakichora kivuli chake kwanza kwa rangi, kisha, kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta. Nilikaa nacho mpaka Mzee akafunga madirisha. Nadhani ndiyo siku nilipoanza kuipenda mashine ile.

Rangi za maji zilipungua pole pole, bila siku ya mwisho ninayoikumbuka. Yule Mkenya aliacha kuja. Mzee alifunga ofisi akaenda kulima, na pale ghorofani wakaingia watu wengine.

Lakini kabla ya hayo yote, nyumba ya Malukhu ilipokwisha, tulialikwa. Tulikaa barazani, mbele ya jiko, na chakula kilichelewa, kwa sababu kila aliyepita barabarani alisimama kusalimia, na mama hakukubali salamu fupi. Aliuliza habari za watoto, za shamba, za mguu uliokuwa unauma. Afande alilalamika kwamba majirani wanamjua mkewe tu, yeye wanamwita mume wa mama wa jikoni. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alipaza sauti toka ng'ambo kuuliza kinachopikwa, na mama, mwiko mkononi, akatoka mpaka ukingoni mwa baraza kumjibu.