Adhuhuri kwenye Cherehani ya Tatu

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Temeke yote ilikuwa ikishonesha nguo za sikukuu, na fundi niliyekuwa nikimtilia vifungo alizidiwa na kazi. Akaniambia cherehani ya tatu hukaa bure kuanzia adhuhuri hadi alasiri, mafundi wanapokwenda kuswali na kupumzika; nijifunzie hapo.

"Kufundisha sina muda, kijana. Siku ya saba nitakupa nguo ya mtu. Ukiiharibu, utabaki na vifungo vyako."

Mimi ni Mkristo kutoka Songea. Ndugu hapa sikuwa naye. Mchana nilikula muhogo chumbani nimefunga mlango, nikitafuna polepole kwa haya, kisha nikarudi peke yangu kwenye baraza ya mafundi.

Siku ya kwanza sikutia uzi. Miguu tu. Kila nilipoanza kukanyaga, gurudumu lilizunguka kinyume, na likizunguka hivyo uzi hukatika. Siku ya pili nilichora mistari kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikaifuata kwa sindano tupu: iliyonyooka kwanza, halafu kona, halafu mviringo wa shingo, ulionishinda siku mbili. Sikugusa kingine mpaka ulipokubali. Nakiri kwamba karatasi mbaya nilizichoma ili wenzangu wasizione.

Siku ya tano nikapewa kipande cha merikani. Hapo ugonjwa wangu ukajitokeza. Mshono ukipinda unene wa unywele, niliufumua. Niliufumua mara nne, kitambaa kikawa chujio.

"Huyu anashona au anasuka chandarua?" fundi mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

Fundi wangu akakiinua kitambaa mwangani. "Bwana mdogo, mshono uliopinda unavalika. Huu nani atauvaa?"

Siku ya saba ilikuwa kanzu ya mtoto, mama yake amekaa barazani akingoja. Chini ya kwapa mshono ulipinda. Niliuona. Mkono ukaenda kwenye wembe, nikaukalia. Nikaitoa vilevile. Mama akaikunja bila kuikagua, akaondoka.

"Kesho uje mapema," fundi wangu akasema. "Cherehani ni yako."

Nilikwenda mbio kumwambia mtu, na njiani nikagundua sijui nimwambie nani. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa uani akichambua mchele.

"Shikamoo mama. Nimepewa cherehani!"

"Marahaba baba. Alhamdulillahi. Basi nishonee foronya yangu, imechanika."

Akaniletea. Niliishona kwa mkono, nikimweleza jinsi kona inavyogeuzwa kwenye cherehani: sindano ibaki ndani ya kitambaa, mguu unaobana kitambaa uinuliwe, ndipo ugeuze. Nilipoinua macho kumwonyesha, alikwisha kwenda jikoni kupika futari. Nikamalizia kueleza.