Sindano za Wachina na goti la mama mkwe wangu, Tabora enzi za Ujamaa

Wakuu, mlio wadogo kwangu nimeshaitikia marahaba. Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Nimeona mnabishana humu kama acupuncture inasaidia goti. Mimi si daktari. Enzi zile nilikuwa mhudumu wa hospitali Tabora mjini, walipokuja madaktari wa Kichina na sindano zao nyembamba.

Nilipangiwa kumkalimania mmoja wao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, na wagonjwa wengi wa vijijini walijua Kinyamwezi tu.

Siku moja mke wangu akamleta mama yake kutoka kijijini Lusu. Goti limevimba, halikunjiki. Leo mnaita osteoarthritis.

Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake, na kwenye kijiji kipya cha Ujamaa walikohamishiwa hukohuko Lusu, kisima kilikuwa mbali. Asipoweza kuchota maji, ingebidi ahamie kwetu Mtendeni, pale mjini.

Kwa vijana wa leo: kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe, sembuse kuishi nyumbani kwake. Hata wakati wa matibabu alilala kwa jirani. Kuhamia kwangu aliona ni aibu ya kufa nayo.

Sasa goti lazima lifunuliwe, na mkalimani ni mimi.

Akagoma kupanda kitandani.

"Mama ogopa sindano?" Mchina akauliza.

"Ananiogopa mimi," nikamjibu. Hakuelewa.

Ikabidi nisimame nyuma ya pazia, uso ukutani. Na kwa kuwa kimila hatukuwa tunasemeshana, bibi mmoja mgonjwa wa kitanda cha pili alipokea maneno yangu na kumfikishia.

Mchina anazungusha sindano, anauliza mama anahisije pale, "Zito? Ganzi?" Namwambia bibi, bibi anamwambia mama. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwambie mkwe sijambo."

Mchina akawa anachoma kwa kubahatisha. Goti likabaki vilevile, mke wangu akaanza kumwandalia mama yake chumba kwetu.

Mama alipopata habari za hicho chumba, kesho yake hakumngoja bibi.

"Mkwe, mwambie hapo hapana. Apande juu kidogo. Hapo ndipo panapowaka."

Nilishtuka hadi nikasahau kutafsiri. Bibi wa kitanda cha pili akaguna.

Tangu hapo akawa anasema mwenyewe. Sitawadanganya kuwa goti lilipona, maana kila masika lilimsumbua. Ila uvimbe ulipungua, akaanza kulikunja.

Siku ya mwisho nikiwa na ukuta wangu, akaniita. "Mkwe, geuka. Nimejifunika. Nitazame ninavyosimama."

Alikuwa wima, bila fimbo, anacheka. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Akarudi Lusu, na maji yake alichota mwenyewe miaka mingi.

Nilichojifunza: sindano sijui zinafanyaje kazi, lakini mgonjwa asiposema panapouma, anamchosha daktari bure. Mliopeleka wazazi kwenye hizo sindano leteni comments, na mnaopinga pia karibuni.

Naandika haya kwa sababu goti langu nalo limeanza. Mke wa mwanangu ni nesi. Juzi kaniuliza linauma wapi hasa.

Nikamwambia sijambo.