Mizani ya Watoto Mgeta

Juzi huko Mgeta niliwakuta akina mama wamepeleka watoto kupimwa uzito. Mpimaji ni mkulima mwenzao anayejitolea. Alimning'iniza mtoto mmoja kwenye mizani, akasema taratibu, "Mwenzangu, mtoto kapungua."

Mama akabetua mdomo. "Mizani gani haipunguzi? Hata ya wanunuzi wa njegere kutoka Dar ni hivyohivyo!"

Mpimaji aliazima dukani pakiti ya sukari ya kilo moja, akaitundika. Mshale ukasimama kwenye moja.

Mama akamkumbatia mwanawe. "Haya, nimpikie nini?"

Akaelezwa, akashukuru, akaondoka. Mara akarudi.

"Hiyo mizani niazime kesho. Lori la Dar linakuja."

Mimi nasema aazimwe. Biashara huria nayo ihudhurie kliniki.